Maua Mekundu Chini ya Mahindi

Junju, Kilifi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na goti limepunguza kukusumbua. Mimi mzima, na mume wangu pia, alhamdulillahi. Kwenye simu ulinisikia nikicheka tu. Haya mengine nimeona niyaandike.

Mwezi uliopita nilikwenda kupalilia, ukungu wa asubuhi haujainuka bado. Chini ya mahindi nikaona vijiua vyekundu, vidogo kama shanga, vimetapakaa hadi kwa jirani. Nilisimama pale, mama, nikasahau jembe, kama niliye usingizini. Nikachuma viwili, nikavitia kwenye glasi dirishani.

Kumbe ni gugu chawi. Huku husema mchawi akimwonea mtu kijicho hupita shambani mwake bila viatu, na kila alipokanyaga huota ua hilo. Mahindi hunyauka hata mvua ikinyesha.

Ya jirani yetu, Mama Kahindi, yalikuwa yamenyauka. Alipoona glasi yangu alipiga ukelele: "Ni huyu mgeni wa visiwani! Anayafuga!"

Watu wakajaa uani. Neno "mchawi" huku limewatoa watu roho.

Mama mkwe hakubishana. Alichukua jembe, akachimbua shina moja la mahindi pamoja na ua lake, taratibu, akavizamisha kwenye beseni la maji. Udongo ukayeyuka. Tukaona mizizi ya ua imeishika mizizi ya mahindi kama mtoto aliyelala na titi mdomoni.

"Lina majani yake, na bado linanyonya," akasema. "Naling'oa tangu niko kigori, huyu mkwe wangu hajazaliwa. Wakati huo mchawi alikuwa nani? Mimi?"

Mama Kahindi aliinama, akaigusa ile mizizi. "Sasa tufanyeje?"

"Tuling'oe kabla halijamwaga mbegu."

Siku tatu tuling'oa na kuchoma, kwetu na kwake. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya tatu, jua kali, alinijia na kata ya maji, akanywa yeye kwanza, kama wafanyavyo huku kuondoa uchawi, anayepewa asihofu sumu, kisha akaninyooshea.

Nilikunywa yote, mama.

Nisalimie kaka mshona kofia, na shangazi na wanafunzi wake wa chuoni. Bibi nibusie mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao, niliye mbali na macho yako,
Mwanakhamisi