Shikamoo Uliyoiacha Kalinzi

Mwaka umetimia, Baba Diana, tangu pikipiki ilipokuangusha kwenye utelezi wa mteremko wa Kalinzi, tarehe kumi na moja Machi, ukiwa na miaka thelathini na sita. Watu wa chuoni walikuita Mwalimu Elikana. Mimi mkeo, Scola, bado nakuita jikoni, kisha nakumbuka.

Ulikuwa mpole, ila kwa mafuta ya mashine ulinikera. Ulifungulia kabureta kwenye sinia langu la kuchambulia mchele, ukaniambia yatatoka kwa sabuni. Hayakutoka. Sinia ninalo, na sasa sitaki mtu alisugue.

Kazi yako ilikuwa kuwafundisha watu wazima ufundi wa mashine, na uliipenda. Mwanakheri, muuza dagaa wa Ujiji, alikuwa akisinzia darasani kila mchana kwa sababu alfajiri alikuwa akiwahi mwaloni, boti za dagaa zinapoingia. Wengine walimsema. Wewe ulibadilisha ratiba: asubuhi daftari, mchana vyuma. "Mtu mwenye spana mkononi hasinzii," ulisema. Wala hukumsomesha mtu kwa sauti mbele ya vijana kama ulijua herufi zinampiga chenga. Ulimwita pembeni, mkasoma pamoja majina ya vifaa uliyoyaandika kwa chaki juu ya injini.

Lakini kuna siku moja ilikutafuna mpaka mwisho. Tunaijua kwa sababu uliirudia mezani hadi chakula kikapoa. Ilikuwa siku ya kwanza ya kozi, darasa zima likasimama: "Shikamoo, mwalimu!" Ukajibu kama ulivyozoea kuwajibu watoto wa sekondari: "Marahaba, kaeni." Nyuma kabisa alikuwa amesimama Mzee Telesphory, miaka sitini na mmoja, rika la marehemu baba yako. Wakulima wenzake wa kahawa kule Kalinzi walikuwa wamemchagua aje ajifunze kutengeneza mashine yao ya kukobolea kahawa. Hakukaa. Aliliacha daftari juu ya dawati, akavaa kofia, akatoka. Ukadhani anakwenda msalani, lakini hakurudi tena.

Tangu hapo ulisimama mlangoni kila asubuhi, ukimsalimia kila mwanafunzi kwa umri wake. Waliokuzidi uliwaamkia wewe kwanza, wakacheka kwa aibu, wakaingia darasani wamenyooka. Hakuna mwingine aliyeacha kozi. Ila huyo mmoja hakukutoka kichwani. Ulipanda Kalinzi mara tatu kumwomba radhi, na mara zote uliambiwa yuko shambani. Asubuhi ya mara ya nne nilikusikia uani ukiyajaribisha maneno: "Shikamoo, Mzee. Nilikosa." Nikakucheka. Nisamehe kwa kicheko kile.

Walikurudisha jioni, mvua bado inanyesha.

Lakini hukuondoka, Baba Diana. Saa kumi na mbili asubuhi mlango wa uani ulikuwa ukifunguka wenyewe. Nilinunua komeo jipya sokoni Mwanga, ukafunguka vilevile. Nilisikia sauti yako ikirudia maneno yaleyale, taratibu, kama mtu anayekariri. Diana akaniuliza, "Mama, na wewe unamsikia?" Nikamwambia anywe chai. Niliogopa, na nilitamani, vyote kwa pamoja.

Baada ya matanga Mzee Telesphory alikuja hapa nyumbani. Nilimwona dirishani nikajifungia. Nilimchukia, sifichi. Kama si ukaidi wake, usingepanda mlima ule kwenye mvua. Alipiga hodi hadi akachoka. Akaja tena mwezi wa nane, nikafanya hivyohivyo. Wiki mbili zilizopita alikuja mara ya tatu, na safari hii aliongea na mlango.

"Mama, siku ile ya mvua nilikuwa ndani," alisema. "Mumeo alisimama uani akaniamkia. Nilimsikia vizuri tu. Nikanyamaza, nikasema ngoja na yeye aonje. Sasa kila kukipambazuka namsikia palepale, ananiamkia. Na mimi nashindwa kumwitikia mtu nisiyemwona."

Nilishika komeo. Nilikuwa nimemfanyia yaleyale: mtu mzima amesimama juani, mimi niko ndani nimenyamaza. Nikafungua.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Mwalimu anasema alikosa."

Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, kule kwenye mlango wa uani, akavua kofia.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Na mimi nilikosa."

Kisha alikaa, akanywa chai, akauliza kozi nyingine inaanza lini. Mashine ya Kalinzi bado imelala, alisema, na mwalimu mpya asimwonee huruma, amfundishe tu.

Watu wanatuambia tushukuru, sasa umepumzika. Tunashukuru. Lakini nakwambia jambo ambalo sijamwambia hata dada yako. Tangu mzee aitikie, asubuhi zetu ziko kimya. Diana anaamka mapema, anakaa uani na kikombe chake, anasikiliza, halafu ananitazama mimi. Nilikufungulia mlango uende, mume wangu, na wala sikujua kwamba ndicho nilichokuwa nikifanya.

Unakumbukwa na mimi mkeo Scola. Binti yako Diana. Mama yako mzazi, Mama Anatoli. Kaka yako Anatoli na dada yako Eufrasia. Mwanakheri na wanafunzi wenzake wote. Na Mzee Telesphory wa Kalinzi, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na ya familia.

Tutakukumbuka siku zote, hata usipokuja.