Barua ya Nyaboke Ambayo Sikuituma

Jumatano. Mvua imenyesha hapa Kisii tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na baridi ikabaki. Nimefundisha kipindi kimoja tu. Cha pili niliwaambia wanafunzi wasome wenyewe, nikajifungia ofisini.

Leo Nyaboke alikuja kuchukua vitu vyake.

Nyaboke si jina lake. Nimembadilishia kwa sababu watu wa chuo husoma blogu hii. Langu mnalijua, na leo sitalificha.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamili katika uhandisi wa mitambo. Kwao ni Magwagwa, na baba yake analima ndizi. Mgomba ukishazaa hukatwa, shina likaachwa lioze. Nyaboke aliyachukua mashina hayo, akayachuna nyuzi, akaziloweka, nyingine katika maji matupu na nyingine katika maji ya jivu, akazishikanisha kwa gundi hadi zikawa mbao nyembamba. Tulizivuta kwa mashine kwenye karakana hadi zikakatika, moja baada ya nyingine, karibu miaka miwili. Zile za maji ya jivu zilivumilia kuliko nyingine zote. Wazo la jivu lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimemwambia anapoteza wakati.

Mwaka jana alinitumia tangazo la chuo kimoja cha ng'ambo. Maabara yao ya mekanika na nyenzo mpya ilikuwa inatafuta mtafiti mmoja, awe anaanza uzamifu au awe ameshaumaliza, yeyote atakayefaa. "Madam," aliniambia, "hii ni kama wameandika wakiniangalia." Akaniomba nimwandikie barua ya pendekezo, kwa sababu walitaka lazima iwepo ya msimamizi. Nilikubali papo hapo.

Sikumwambia kwamba tangazo lile nililiona kabla yake, na kwamba maombi yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuyajaza.

Nina uzamifu, na miaka imepita. Bado nafundisha kwa mkataba unaofanywa upya kila muhula. Nilipohitimu watoto walikuwa wadogo, nikasema nafasi za utafiti nitaziomba wakikua kidogo. Wakakua. Tangu hapo nimeomba nyingi, na zote zimejibiwa kwa ile aya moja ya kunishukuru kwa muda wangu.

Sijitetei. Naeleza tu nilikuwa nimekaa wapi barua ilipoombwa.

Wale wa maabara walinitumia kiungo cha kuwekea barua. Nilikifungua, nikaandika kwamba Nyaboke ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumsimamia, nikasoma sentensi ile, nikafunga. Nilirudi tena na tena, kila mara nikiishia hapo hapo. Siku ya mwisho nilikuwa chumba cha walimu, mchana, mtandao uko vizuri, nasahihisha mitihani ambayo haikuwa na haraka yoyote. Nyaboke akanipigia kuuliza kama nimetuma.

Nikasema nimetuma.

Baadaye aliandikiwa kwamba maombi yake hayakusomwa kwa kuwa yalikuwa pungufu. Alikuja kunieleza akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Nilimwambia pole, nikasema mifumo ya hawa watu nayo husumbua. Wiki hiyo hiyo mimi niliitwa kwenye mahojiano ya video. Waliniuliza juu ya nyuzi za migomba, nilizozitaja katika maombi yangu, nikazungumza vizuri sana. Kisha mama mmoja kati yao akauliza lile wazo la jivu lilikuwa la nani. Nikajibu kwamba ni kazi ya kikundi changu. Akaandika kitu, akaniangalia, hakuuliza tena. Hawakunichukua.

Basi leo alikuja na baba yake, kwa pikapu ya jirani. Mzee aliniletea mkungu wa ndizi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanibariki kwa Ekegusii, lugha ya huku, na kunishukuru kwa kumsomesha mtoto wake. Kisha akabaki kwenye gari, sisi tukaingia karakana kufunga zile mbao zilizobaki.

Alinieleza kwamba Jumatatu anaanza kufundisha fizikia katika shule moja huko Nyansiongo. Nikamuuliza mbao atazifanyia nini. Akasema baba anataka kuzibia banda la ndama.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia nimeona tangazo jingine, la uzamifu, linamfaa kabisa, na barua nitaiandika leo leo. Aliendelea kufunga kamba mpaka akamaliza fundo.

"Madam, ule mfumo ulikuwa unanionyesha," alisema. "Kila ukifungua kile kiungo, iliandikwa. Ulifungua mara nne."

Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza.

"Nilikuuliza. Ukaniambia umetuma."

Hapo nikamwambia yote, kwamba niliomba nafasi ile ile na kwamba nilimwogopa. Akauliza kama niliipata. Nikasema hapana. Nilitarajia ahisi kitu, hata kama ni furaha ya kunikomoa, lakini alionekana amechoka tu.

"Basi hakuna aliyeenda," akasema.

Juu ya lile tangazo jipya alisema kila mahali wanataka barua ya msimamizi, na msimamizi wake ni mimi, na yeye hawezi tena kulala akingoja barua yangu. Alisema baba yake hajui. Amemwambia ni mtandao.

Tulizibeba mbao pamoja, yeye upande huu, mimi ule. Mzee aliponiaga aliniomba nisimsahau mtoto wake, nikiona nafasi nyingine nimwambie. Nikajibu kwamba nitafanya hivyo. Nyaboke alikuwa amesimama pale pale. Hakunisaliti. Alimfungulia baba mlango, akaingia baada yake.

Kabla ya kuandika hapa nimemwandikia yule mama wa maabara. Nimemwambia wazo la jivu ni la nani, nimemtajia jina, na nimemweleza kwa nini barua haikufika. Nafasi ile imeshapata mtu, najua. Nakala nimempelekea mkuu wa idara, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao, kwa hiyo hata hilo nalijua litakavyokwenda.

Lakini mzee bado ananiombea, huku amedanganywa kwa ajili yangu. Nimejaribu kujishawishi kwamba hilo ni la Nyaboke na baba yake. Haiwezekani. Jumamosi nitapanda gari kwenda Magwagwa, nikae mbele yake, nimwambie nilichomfanyia mtoto wake. Nitamwambia kwa Ekegusii, asikose kuelewa hata neno moja.