Dawa ya Mama Imesimamishwa

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka chumba cha mbele, ambako nimesogeza meza hadi mlangoni ili nimsikie Mama akiita. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Sisi hatujambo, na Mama anaendelea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alitoka hospitali Jumatano. Anakunywa supu, anatembea hadi barazani, na jana alimgombeza fundi bomba kwa kukanyaga sebuleni na viatu vya matope.

Najua shangazi alikupa habari nusunusu, kisha ukanyamaza. Acha nikupe zote.

Kabla ya dozi ya kwanza daktari alituketisha akatueleza. Chembe za kinga huzunguka mwilini zikikagua. Juu yake zina vipokezi, sehemu za kupokea amri: vingine huziambia zishambulie, vingine huziambia zitulie. Saratani ya pafu la Mama ilikuwa imejifunza kugusa vile vya kutuliza. Chembe zinafika, zinatulizwa, na uvimbe unaendelea kukua. Nyingine hugeuzwa kabisa, zikausaidia uvimbe kujipatia damu. Dawa kazi yake ni kukifunika kile kipokezi cha kutuliza.

Mama alicheka. Unajua alivyosumbuliwa na wale wasichana wa bweni enzi zake za umatroni. "Kumbe mwili wangu nao ni bweni! 'Matroni, nenda ukalale, hapa hakuna mtu.' Na huku mtu yuko chini ya kitanda!"

"Ndiyo hivyo, Bibi," daktari akamwambia. "Sisi tunamziba matroni masikio, asisikie uongo."

Kisha akatoa onyo, nalo wewe hukulisikia. Chembe zikishaachiwa huru zinaweza kushambulia hata viungo vizima: ngozi, maini, utumbo. Mama akiharisha, tupige simu siku hiyohiyo.

Tumbo lilipoanza, Mama alikuambia wewe uliye mbali, si mimi ninayemfulia mashuka. Aliona haya. Ukamwambia avumilie, kwamba hiyo ni dalili kinga imeamka. Akavumilia mpaka akaanguka bafuni. Nilimkuta ameegemea ndoo, midomo imekauka, akaninong'oneza, "Usipige kelele, dawa inafanya kazi."

Na kweli ilikuwa inafanya kazi. Ulichosema hakikuwa uongo, ila kinga iliyoamka ilikuwa inamla utumbo. Hospitalini walimtundikia dripu, wakampa dawa kali ya kuzituliza zile chembe, na ile ya saratani wakaisimamisha. Daktari hadhani atamrudishia.

Sasa lile unaloogopa kuuliza. Picha mpya inaonyesha uvimbe umepungua. Haujaisha. Kwa wagonjwa wengine chembe huendelea na kazi hata dawa ikikoma. Kwa wengine uvimbe huanza upya. Nilimuuliza daktari Mama yuko kundi gani. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Jibu likawa lilelile: hajui.

Ule unga wa kuongeza kinga uliomwahidi Mama, usiutume. Daktari anasema shida ya Mama haikuwa upungufu wa chembe.

Tangu alazwe hujampigia. Shangazi anasema umebanwa na kazi. Mimi nadhani unajiona umemuua. Hujamuua. Nilimuuliza kama amekukasirikia, akanikata jicho. "Nimkasirikie kwa lipi? Aliyeambiwa na daktari ni mimi, si yeye. Lakini akizidi kuninyamazia, hapo ndipo nitakasirika, na mwambie nguvu za kukasirika ninazo."

Nisalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Shangazi yetu sisi anakusalimu, na mjomba anauliza kama bado unavuta sigara. Mungu awatunze huko, naye atuachie Mama kwa kadiri atakavyopenda.

Mpigie leo ukimaliza kusoma. Usimwombe msamaha kwa hotuba ndefu, atachoka. Muulize tumbo linaendeleaje, na lolote atakalokujibu, niambie mimi kabla hujamshauri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponyamaza.