Mlango wa Nyuma kwa Wathai

Alhamisi, 6 Machi

Amekubali! Si ndoa – chakula. Lakini mtu huanzia kwenye sahani.

Malkia, fundi cherehani wa mlango wa pili kutoka kwangu, mjane mwenye macho ya kukupima bila futi. Wiki iliyopita nilimwambia tuoane. Akaendelea kupinda suruali ya watu. Leo kasema: nilishe kwanza, jibu utalipata nikishiba. Nikamwambia nakupeleka mgahawani kwa Wathai, pale mimi ni mwenyeji, wakiniona wanasimama. Na ni kweli! Friji zao nani anazitengeneza? Miaka yote nakula pale. Dunia nzima imepita tumboni humu. Hata Kithai nakiongea – maneno matatu, yote ya chakula.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu kacheka mpaka kakaa chini. Ati, baba, utavaa ovaroli? Nikamtolea suti. Kasema suti hiyo ilishaoa mara moja, iache ipumzike. Nikamfundisha ulaji wa Kithai: uma unasukuma tu, kijiko ndicho kinaingia mdomoni. Elimu hiyo!

Baadaye kaja na pasi, kaninyooshea shati bila kuombwa. Marehemu mama angefurahi, kasema.

Nikatoka nje kidogo kuangalia hali ya hewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenyoa. Nimejikata. Nimejipulizia marashi mpaka paka kahama.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimekaa juu ya kreti ya soda, jikoni kwa Wathai. Makubwa!

Nimekuja na Malkia, gauni la kijani kajishonea mwenyewe, watu barabarani shingo zinageuka. Nikamwongoza kwa mwendo wa kibosi – kichochoroni, kando ya mapipa ya taka – nikasukuma mlango. Moshi! Masufuria! Malkia akauliza taratibu: fundi, wateja huwa wanapita huku?

Ndipo nikagundua. Mlango wa mbele siujui! Miaka yote naingilia nyuma na sanduku la vifaa, nakula nimesimama kando ya friza. Meza ya hapa sijawahi hata kuiona!

Nikataka kumzungusha mbele. Mpishi, mama wa Kithai, mfupi, sauti ya honi, akanidaka: Fundi Barafu! Friza imegoma tangu asubuhi, kamba wangu wataoza!

Nikamtazama Malkia. Suti. Kamba. Jibu langu.

Malkia akanyoosha mkono. Vua koti, nikushikie.

Bisibisi ninayo, hata kwenye suti – fundi ni fundi. Feni imekabwa na barafu. Nimezima, nasubiri iyeyuke. Shati lililonyooshwa limelowa lote. Malkia kapewa tambi za kukaanga, ndimu, karanga, kamba wa kuokolewa. Anakula kwa kijiko, uma unasukuma tu. Hakufundishwa na mtu! Mpishi kamuuliza, huyu ndiye mumeo? Nikajifanya natafuta skrubu. Malkia kasema: bado.

Bado! Hakusema siyo!

Sasa kamaliza sahani. Koti langu liko mapajani mwake. Kaligeuza ndani nje, anavuta mishono, anapima mabega kwa shubiri, pini tatu mdomoni – pini kazitoa wapi? Na huyu hapimi kitu bure, mji mzima unajua.

Nimemuuliza, unapima nini?

Kasema, kwa pini mdomoni: simama wima, bwana harusi hapimwi amekaa.

Barafu inaanguka huko ndani, mpishi anapiga kelele, na mimi nimesimama wima.