Sakafu ya Ghala la Pamba

Mkuyuni, Mwanza
14 Julai

Baba yangu, Mzee Mashimba,

Shikamoo. Naomba salamu hizi zikukute umekaa vizuri, na lile goti lisikusumbue sana kwenye baridi hii ya Julai. Huku hatujambo. Mkweo Odeta anakuamkia, na wajukuu wako ni wazima, isipokuwa Pius aliyeng'oka jino akalia kama kavunjika mguu. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ningepiga, baba, lakini mdomo wangu ungenikimbia, kama ulivyonikimbia miaka ishirini. Dada Paskazia atakupa barua hii mkononi.

Kazi yangu bado ni ileile ya kwenye mashine ya kusaga mawe. Ila siku hizi hatusagi mawe ya mlimani peke yake. Wenye mradi wa barabara wameamua majengo yanayobomolewa yasitupwe. Zege lake linaletwa uwanjani kwetu, tunachomoa nondo, tunasaga, tunapata kokoto za kutandaza chini ya lami. Mwanzoni niliwacheka. Nilisema hawa wamechoka kufikiri, wanatujengea barabara ya makombo. Kumbe zege zuri halizeeki! Mimi ndiye mchaguzi: kipande kizuri kinakwenda mashineni, kibovu kinakwenda kujaza mashimo.

Jumanne iliyopita lori lilimwaga kifusi kutoka kwetu Usagara. Dereva alisema barabara inapanuliwa, kwa hiyo wamebomoa lile ghala la pamba la kijiji. Sikuhitaji kuambiwa sakafu ile aliimwaga nani.

Maneno yaliyosemwa juu ya sakafu ile unayajua kuliko mtu yeyote. Ilipoanza kupasuka na kutoa vumbi kabla hata msimu mmoja wa pamba haujaisha, walisema umeuza saruji. Mzee Chenge akakubatiza jina, Fundi Nusu Mfuko, na watoto wakaliimba njiani. Hukupewa tena hata choo cha kujenga. Ukautupa mwiko darini, ukaenda kuchunga ng'ombe wa watu, wewe uliyejenga nusu ya nyumba za bati pale kwetu. Mama alikufa akiitwa mke wa mwizi. Nikiandika haya machozi yananitoka, wala sioni aibu kukwambia.

Basi nilianza kuvisukuma vipande vile haraka haraka, nisiviangalie. Injinia Hellen, binti anayepima ubora wa kokoto, akanisimamisha. Alichukua kimoja akakikwaruza upande wa juu kwa msumari, kikamwagika kama unga. Akakigeuza, akakigonga upande wa chini kwa nyundo, mara moja, mara tatu; nyundo ikaruka. Akaita wenzake waone. Aliwaambia kwamba aliyechanganya zege hili alikuwa fundi mwaminifu, saruji imekaa kamili, hakuiba hata kijiko. Kilichoharibika ni ngozi ya juu tu, kwa sababu lilipigwa jua bila maji siku zake za mwanzo. Akasema aliyeachiwa ndoo ndiye aliyeliua. Watu walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya mashine nikakaa chini.

Aliyeachiwa ndoo ni mimi, baba.

Ulivuka kwenda Sengerema kumzika shangazi, ukaniagiza nitandaze magunia juu ya sakafu, niyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku saba. Ilikuwa Juni, mashindano ya ngoma ya Bujora yamepamba moto. Nililowesha siku ya kwanza. Siku ya pili wenzangu wa kundi letu la ngoma, Wagika, wakanipitia, wakasema wapinzani wetu Wagalu wanatutambia na mchezaji wetu wa mbele anaumwa. Nikaenda. Nilicheza siku tano, nikashangiliwa, nikalala kwa rafiki yangu Ngosha bila kuiwaza sakafu hata mara moja. Niliporudi siku ya saba magunia yalikuwa yamekauka kau. Nikabeba ndoo kutoka lamboni kama mwendawazimu, ili ukija ukute maji. Ulikuja, ukaniuliza kama nilimwagilia. Nikakwambia ndiyo, asubuhi na jioni.

Kamati ya kijiji ilipokuita ujieleze, mjumbe mmoja alisema labda sakafu haikumwagiliwa. Ungeweza kupona hapo. Nilikuwa nimesimama dirishani, nikakusikia ukiwaapia kwamba kijana wako hasemi uongo, akisema amemwagilia basi amemwagilia. Nami nikanyamaza. Nimenyamaza hadi leo.

Jumamosi ijayo kuna mkutano wa kijiji. Nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kusema, na Injinia Hellen amekubali kuja na kipande chake na nyundo yake. Nitasema yote mbele ya Mzee Chenge na wengine waliobaki.

Nisalimie jirani yetu Masalu na wote wanaoniulizia. Odeta amekununulia blanketi zito nikuletee. Ukinifungulia nitalala kwako Ijumaa. Usiponifungulia nitaelewa, nitaliacha kwa Masalu. Ila njoo mkutanoni, baba. Najua moyo wako, utataka kusimama useme nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nakuomba, safari hii usinitetee.

Mwanao,
Ndalahwa