Wadudu wa Bibi Wamefuturu

Mke mwenzangu, shikamoo.

Najua unaguna. Ulikuwa hupendi nikuamkie kisha hapohapo nikuite mke mwenza. "Chagua moja," ulikuwa unasema, "heshima au wivu." Nilishindwa kuchagua ulipokuwa hai, nitaweza leo? Basi shikamoo, Bibi. Mume wetu hajambo. Anakohoa kidogo asubuhi, anabisha sana jioni, na redio yake bado inajisemea peke yake huku yeye anakoroma.

Nina habari, na sioni mwingine hapa Bagamoyo wa kuifurahia kama wewe. Wadudu wako wako hai! Ngoja nianze mwanzo, maana wewe ukipewa habari nusunusu ulikuwa unakasirika.

Unakumbuka siku niliyokwambia ninachosoma chuoni Dar? Ulikuwa unatwanga iliki. Nikasema, nasoma hamira. Mchi ukabaki juu. "Hamira? Tumekupeleka chuo kikuu ukasome hamira? Si ungekaa hapa jikoni nikufundishe!" Nikakueleza kwamba ndani ya hamira, hata ndani ya chachu yako ya kijunguni, mna viumbe hai, wadogo mno, hawaonekani ila kwa hadubini, na hao ndio wanaoumua unga wa vitumbua. Ukakifunika kijungu. Halafu ukaninong'oneza, "Miaka yote hii nawalisha watu wadudu?" Ukaniapisha nisimwambie mtu pale sokoni, hasa wale wanafunzi wa uvuvi waliokuwa wakija kutoka Mbegani na njaa zao. "Usije ukanivunjia biashara, wewe."

Lakini kesho yake alfajiri nilikusikia. Ulikuwa umekifunua, umeinama, unauliza, "Hamjambo humo?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tukawa tunawazungumzia wadudu wako kama majirani. Nikakwambia kule maabara huwa tunawanyima chakula makusudi, tuone watafanya nini. Maana seli ikikosa chakula haikai ikalia. Inazunguka ndani mwake, inakusanya vitu vyake vilivyochakaa, inavifunga kifurushi, inavipeleka kwenye kijifuko chake cha kusagia. Huko vinavunjwavunjwa, na vipande vyake vinajengea vitu vipya. Inajila kidogo ili isife. Ukasema, "Aa, kama kanga." Ya kutokea ikichakaa inakuwa ya kulalia, ikichanika inakuwa winda la mtoto, mwisho inakuwa ya kushikia sufuria. Nikasema ndivyo hasa.

Ila kuna jambo lilikukera. "Umewafungisha saumu, sawa. Na futari yao?" Nikakujibu kwamba hakuna futari, jaribio likiisha tunawamwaga. Hukusema na mimi mpaka magharibi. Tangu hapo, Bibi, kila jaribio likiisha nawatilia sukari kwanza, ndipo namwaga. Wenzangu wananiita Mama Futari. Sijali.

Halafu ukaondoka. Ulijinyoosha mchana baada ya adhuhuri, na alasiri hukuamka. Bado siwezi kuandika hapa zaidi ya hivyo.

Nyumba ilijaa watu. Wanawake wa mtaa walishika jiko lako, wakapika, wakaosha kila chombo mpaka kikang'aa. Kijungu sikukiona. Nikajua nacho kimeoshwa. Chachu uliyoirithi kwa mama yako, uliyokuwa ukiibakiza chini kila ukipika, upawa mmoja tu, ukailisha unga wa mchele na maji ili kesho uanzie hapo. Nilimwona kila mtu na sufuria mkononi, sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Mume wetu akaacha kula asubuhi. Shangazi Tatu, huyu binti yako asiyekubali kushindwa, alimnunulia vitumbua vya kila kona. Babu anavitazama, anasema, "Vizuri. Wape jirani." Anakunywa chai tupu, anageukia redio. Akakonda, Bibi, mpaka kikoi kikawa kinamzunguka mara mbili. Niliogopa kwamba atakufuata, nami nitabaki bila nyote wawili.

Baada ya arobaini Shangazi akafagia stoo, na nyuma ya gunia la mkaa akakuta kijungu. Kumbe siku ya msiba mtu alikisogeza kupitisha masufuria ya pilau, kikasahauliwa. Alipokifunua alirudi nyuma. Maji meusi juu, na harufu, astaghfirullah! Akakibeba akamwage. Nilipiga ukelele kuku wakatawanyika.

"Usimwage, Shangazi! Wamefunga tu!"

Alinitazama kama nimepandwa na maruhani.

Nikayaondoa yale maji, nikachota tope jeupe la chini, nikalitilia unga wa mchele, maji ya uvuguvugu na sukari. Kimya. Nikalisha tena. Kimya. Shangazi akanishika bega, "Mwanangu, aliyekwenda kaenda." Nikaingia chooni nikalia, maana mimi ndiye niliyesoma. Najua wanajila, na najua pia hakuna anayeweza kujila milele. Nilitoka nikalisha tena, kwa ubishi tu. Ubishi wenyewe nimeutoa kwako.

Asubuhi moja Babu alikwenda kuchukua maji ya udhu, akapitia jikoni. Nikamsikia, "Mke mdogo! Njoo uone, watu wa mwenzio wanapumua!"

Povu, Bibi! Nilipiga vigelegele mpaka Shangazi akatoka mbio anafunga kanga njiani.

Nikaloweka mchele, nikasaga, nikakamua tui, nikauchanganya na chachu ukaumuka, nikabandika chuma chako cha vitumbua. Vya kwanza viling'ang'ania vikatoka vipande. Vya pili vikafura kama mashavu yako ulipokuwa umenuna. Kwa furaha nikainamisha bakuli nimalizie unga wote.

"Bakiza!"

Babu, ambaye maisha yake hajashika upawa, kasimama mlangoni kanyoosha mkono. "Yule hakombi. Bakiza." Kumbe miaka yote ile ya redio alikuwa anakutazama.

Nikabakiza. Akala. Akala tena. Akasema iliki imezidi. Kisha akafuta macho kwa pindo la kikoi na kusogeza sahani niiongeze.

Wengine nimewapeleka Dar ndani ya chupa, nimeipakata safari nzima. Nimewatazama kwa hadubini, wanene, wanazaana, hawana habari ya msiba. Mwalimu wangu amekubali niwachunguze: waliishije muda wote ule bila kulishwa? Huenda ni huko kujila, huenda kuna jingine nisilolijua. Kwenye kisahani chao nimeandika "Wa Bibi".

Pumzika, mke mwenzangu. Mume nitakutunzia, ila akinenepa usinilaumu. Na nakuahidi, popote nitakapokuwa, iwe jikoni kwako au maabara, sitakomba mpaka chini.

Nimerudi nyumbani leo, na nimetoka kuosha vyombo sasa hivi. Kijungu sikukigusa. Nimekifunua tu, nikainama, nikauliza vile ulivyokuwa unauliza.

Hawajambo.

Mjukuu wako, mke mdogo