Mume Wangu Anakaza Bolti Mpaka Pikipiki Inaniangusha

Mama Imakulata, shikamoo. Nimesoma majibu yako kwa wengine nikidhani siku ya kukuandikia haitafika, lakini imefika, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo, naishi Mbulu na mume wangu Onesphory ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, na kazi yangu ni kushuka Yaeda Chini kuchanja ng'ombe kwa pikipiki, ile ndefu ya njia mbovu, ambayo shokapu zake za mbele zina bomba nene juu na bomba jembamba linaloteleza ndani yake. Mwaka jana nilirudi usukani umepinda, tairi linatazama mbele na mikono yangu inatazama pembeni, kwa sababu vile vibano viwili vinavyoshika shokapu, cha juu karibu na usukani na cha chini juu ya tairi, vilikuwa vimelegea, na tangu siku hiyo mume wangu haniachi nitoke bila kuvikaza mwenyewe, tena anachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi, na nikimwambia inatosha ananijibu kwa upole, "Zita, nikikaza mwenyewe ndipo napata usingizi."

Basi mama, pikipiki ikaanza kuwa ngumu mbele, kila jiwe nalipokea mabegani, viganja vinakufa ganzi, nikadhani ni umri, na mama mkwe naye akaanza kusema kazi hii ni ya wanaume. Mwezi uliopita, kwenye mteremko wa kushuka bondeni, tairi la mbele lilidunda kwenye jiwe badala ya kulimeza, likaruka upande, nikaangukia ubavu, sanduku la chanjo likapasuka na barafu ikamwagika vumbini, na wafugaji waliokuwa wamekusanya ng'ombe tangu alfajiri wakarudi nao bila kuchanjwa, wala hakuna hata mmoja aliyenilaumu, jambo lililoniuma kuliko mbavu.

Nilipokwenda Katesh kikazi nikampitia fundi mmoja anaitwa Sulle, akaikandamiza shokapu mbele yangu ikawa inakwama njiani, akalegeza bolti za kibano cha chini, akaikandamiza tena ikazama na kurudi laini, akaniambia bomba la nje limebanwa mno mpaka linalikaba lile la ndani. Nilirudi nyumbani barabara ikiwa kama imefagiliwa. Asubuhi ya safari, Onesphory akazikaza bolti tena.

Nilimwona ameinama na ile spana, shati limelowa jasho, nikashindwa kumwambia kuwa mikono hiyo inayonilinda ndiyo iliyoniangusha. Sasa natembea na spana ndani ya begi, nikishatoka mjini nasimama nalegeza kwa kubahatisha, na wiki iliyopita nililegeza kupita kiasi, usukani ukapinda tena nikiwa peke yangu porini. Kazi siachi, hilo nimeshaamua, na mume wangu simwachi. Nimwambie, au niendelee kulegeza kimyakimya?

Zita, Mbulu

*

Marahaba Zita, na pole ya mbavu. Barua yako haikuweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu nikakukataza kupanda hiyo pikipiki mpaka umemwambia mumeo. Umemwambia. Ukanijulisha kwamba hakubisha. Alitoka akakaa karakanani mpaka jioni bila kuwasha mashine, na sasa mnapishana nyumbani kama wapangaji. Unajuta kusema. Usijute.

Uliomba nisikugombeze kabla ya kufika mwisho, nimefika. Wewe ni mtaalamu. Ukimwona mfugaji anampa ndama dawa kupita kipimo, utanyamaza kwa sababu anampenda huyo ndama? Nyumbani kwako ulinyamaza, kisha ukaongeza kosa lako juu ya lake. Kibano kilichokazwa mno kilikuangusha. Kilicholegea kingeweza kuachia shokapu katikati ya mteremko, na huko porini nani angekuokota?

Mumeo naye msomee hapa. Onesphory, umezoea mageti, na geti kadiri linavyoshikana ndivyo linavyofaa. Shokapu kazi yake ni kusogea. Ulikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu usukani ulipinda kweli, lakini ulikaza kwa nguvu ya hofu, na hofu haijui pa kuishia.

Sasa fanyeni hivi. Tafuteni gari, pakieni pikipiki, mwende wote wawili Katesh kwa Sulle. Akague kwanza kama bomba limeumia, maana lililokwisha kuharibika halitapona kwa kulegezwa bolti. Kisha spana yenye kipimo ashike Onesphory, siyo wewe wala Sulle. Akaze bolti kidogo kidogo kwa zamu, afuate nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo, kwa kila kibano peke yake, maana mara nyingi cha chini hukazwa kidogo kuliko cha juu. Akimaliza aikandamize mwenyewe, aone inavyozama na kurudi. Hiyo spana yako ibaki kwenye begi kwa dharura, siyo kwa siri.

Habari za mama mkwe, usijibizane naye. Onesphory ndiye amweleze mama yake kilichotokea, kwa mdomo wake.

Ukimya uliobaki ndani ya nyumba hautaondoka kwa kuombana radhi kila saa. Pikipiki ikishatengenezwa, usiwe wewe wa kwanza kuipanda. Mpe Onesphory ashuke nayo taratibu mpaka bondeni, wewe ufuate nyuma kwa bodaboda. Hajawahi kuiona njia hiyo, amekuwa akiikazia bolti kwa kuiwaza tu. Akifika chini mpokee kofia, panda wewe, nenda kachanje ng'ombe.